YULE MZUNGU WA MAASAI MARA HAKULIWA NA SIMBA: KISA CHA JULIE WARD



Nilikuwa kwenye basi la Musoma kwenda Arusha, lile linalokatiza katikati ya Serengeti. Kama kawaida abiria wakaanza stori za simba. Kijana mmoja kiti cha mbele akasema, "Hapa hapa ndipo yule dada wa kizungu aliliwa na simba, wakakuta mguu tu." Basi zima likaguna. Mama mmoja akasema masikini wee. Dereva akaongeza chumvi yake, kwamba eti alishuka kupiga picha.

Mimi nilikaa kimya, na nilikaa kimya kwa aibu. Kisa hicho hicho nami nimekisimulia mara nyingi ujanani, tena kwa mbwembwe. Sisi tuliokulia huku mkoa wa Mara tulikipata redioni na midomoni mwa watu mwaka 1988, na tukakipokea hivyo hivyo: mzungu, simba, mguu. Baadaye sana ndipo nilipokaa chini kusoma yaliyosemwa mahakamani. Kumbe kati ya maneno yale matatu, moja ni la uongo, na ndilo lililoishi kuliko mengine yote.

Basi nimeona niweke hapa kisa kizima kwa mpangilio, ili mtu akitaka kujua asihangaike. Ni makala ndefu kidogo, mnivumilie.

KWA KIFUPI

Jina: Julie Anne Ward, Mwingereza wa Suffolk.
Kuzaliwa: 1960. Alikuwa na miaka 28.
Kazi: aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni ya uchapishaji. Alipenda sana kupiga picha za wanyamapori.
Alipotoweka: Hifadhi ya Maasai Mara, Kenya, tarehe 6 Septemba 1988.
Mabaki kupatikana: 13 Septemba 1988.
Kesi: mbili, zilizoisha 1992 na 1999. Washitakiwa wote watatu waliachiwa huru.
Hali mpaka leo: hakuna aliyetiwa hatiani.

SAFARI YENYEWE

Julie aliondoka Uingereza mapema mwaka 1988 kwa safari ya barabara na kundi la wasafiri, kuvuka Afrika kutoka kaskazini kushuka chini. Wale wa rika langu mnayakumbuka malori yale, yamejaa vijana wa kizungu wenye vumbi mpaka kwenye kope, wanalala kwenye mahema na kupika kando ya njia. Kwa hiyo tusimfikirie kama mtalii wa siku tatu aliyeshushwa na ndege hotelini. Huyu alikuwa ameshapita jangwa, mipaka na matope ya miezi kadhaa.

Alipofika Kenya akapapenda. Alikaa Nairobi na wenyeji waliompokea, na kabla ya kurudi kwao alitaka jambo moja la mwisho: kuwapiga picha nyumbu wakati wa uhamaji. Wadau wa huku mnajua, kati ya Julai na Oktoba nyumbu kwa mamia ya maelfu hutoka kwetu Serengeti na kuvuka kwenda Mara kufuata majani. Septemba ndiyo yenyewe.

Mwanzoni mwa Septemba akaondoka Nairobi na rafiki yake, raia wa Australia, kwa kijigari cha Suzuki. Walipiga kambi Sand River. Gari likawaharibikia ndani ya hifadhi. Yule rafiki alikuwa na shughuli Nairobi, akarudi kwa ndege. Julie akabaki kusubiri gari litengenezwe, akalala hoteli ya Mara Serena. Siku chache mbele yake alikuwa na ndege ya kurudi Uingereza.

MAHALI PENYEWE

Naomba hapa tuelewane vizuri, maana bila ramani kichwani huwezi kuona tatizo liko wapi.

Maasai Mara ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 1,500. Mwaka 1988 haikuwa chini ya serikali kuu kama hifadhi za taifa. Ilikuwa chini ya halmashauri ya Narok, na askari wake walikuwa waajiriwa wa halmashauri. Hoteli ya Serena iko upande wa magharibi, ng'ambo ya mto Mara. Kambi ya Sand River iko kusini mashariki, mpakani kabisa na Tanzania. Ukisimama pale na kutazama kusini unaona Serengeti. Zamani magari ya watalii yalipita hapo kuja kwetu kupitia Bologonja, lakini njia hiyo ilifungwa kwa watalii mwaka 1977 nchi zetu zilipogombana, na mpaka ulipokuja kufunguliwa njia ile haikurudi kuwa ya watalii.

Kwa hiyo mwaka 1988 Sand River palikuwa mwisho wa njia. Geti, askari, karani na daftari lake, na uwanja wa mahema. Ukitoka pale unarudi kaskazini kuelekea Keekorok, kisha nje ya hifadhi, kisha Narok na Nairobi. Kwa mtu anayekwenda Nairobi hakuna sababu ya kufuata njia nyingine.

SIKU YA MWISHO

Tarehe 6 Septemba gari likapona. Julie akatoka Serena peke yake kwenda Sand River, sababu vifaa vyao vya kambi vilikuwa bado kule. Akavichukua. Kwa mujibu wa daftari la geti aliondoka kama saa nane na nusu mchana.

Hapo ndipo habari yake inapokatika.

Na hata hiyo saa nane na nusu inategemea daftari. Baadaye wataalamu wa mwandiko walipoitazama sahihi ya kutokea walisema si yake. Karani alikiri kwamba yeye ndiye aliyemwandikia. Huenda ilikuwa ni mazoea tu, maana sote tunajua makarani wa mageti wanavyojazia watu madaftari ili hesabu ikae sawa. Lakini oneni uzito wake. Ushahidi pekee wa maandishi wa saa aliyoondoka binti huyu, ulioandikwa siku ile ile, uliwekwa na mkono wa mtu mwingine.

SIKU SABA ZA KUTAFUTA

Julie hakurudi Nairobi. Wenyeji wake wakaingiwa na wasiwasi, simu zikapigwa Uingereza. Baba yake, John Ward, mfanyabiashara wa hoteli, akapanda ndege kuja Kenya. Hakungoja aambiwe subiri kesho. Alikodi ndege ndogo zikapita juu ya hifadhi kumtafuta.

Tarehe 13 Septemba rubani akaliona lile Suzuki. Lilikuwa limetumbukia kwenye korongo, mbali na njia ya kawaida ya kutoka Sand River kwenda Keekorok. Juu ya paa kulikuwa na herufi SOS, ile ishara ya kuomba msaada inayojulikana dunia nzima. Ndani hakuna mtu.

Siku hiyo hiyo, kilomita kadhaa kutoka kwenye gari, yakapatikana mabaki: sehemu ya mguu wa kushoto, taya la chini lililopasuka, na nywele. Yalikuwa kwenye majivu ya moto uliozimika. Mzee Ward alifika mahali pale. Baba aliyekuja kumtafuta mwanawe akiwa mzima akaonyeshwa hicho.

NADHARIA YA SIMBA

Wakubwa wa polisi wa wakati ule walisema ameliwa na wanyama. Maelezo yao yalikuwa hivi: gari lilinasa, akatoka kwa miguu, simba au fisi wakamkuta. Baadaye likazuka na lingine, kwamba huenda alijiua.

Sasa wadau, sisi ni watu wa porini. Hebu tufikiri kikwetu.

Simba akiua anaacha alama. Fisi ndiyo kabisa, anatafuna mfupa na kuusaga, na mahali alipouma pana vishimo na kingo zilizochakaa. Panga linakata, linaacha ukingo ulionyooka. Mchinjaji yeyote wa bucha atakuambia tofauti bila kuvaa miwani.

La pili ni moto. Mabaki yalikuwa kwenye majivu. Mnyama gani anawasha moto? Na mtu anayejiua anajichomaje, kisha mguu wake ukakatwa na nani?

La tatu ni umbali. Mtu aliyevuka Afrika kwa gari anajua kanuni ya kwanza ya porini: gari likinasa, kaa na gari. Na ile SOS juu ya paa, kama kweli aliiandika yeye, ni ya mtu anayengoja kuonekana na ndege. Anatokaje hapo akatembee kilomita nyingi kwenye nchi ya simba?

Tena Kenya hii hii ilikuwa na somo la karibu. Januari 1980 Joy Adamson, yule mama aliyemlea simba Elsa, alikutwa amekufa Shaba. Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba. Walipochunguza wakakuta ni kitu chenye ncha kali, na mtu aliyewahi kumfanyia kazi akatiwa hatiani mwaka 1981. Simba alikuwa ameshasingiziwa mara moja na kusafishwa. Miaka minane tu imepita, anasingiziwa tena.

KARATASI ILIYOSAHIHISHWA

Hii ndiyo sehemu inayoniumiza zaidi.

Daktari aliyeyachunguza mabaki kule Nairobi aliandika alichokiona: mfupa umekatwa na kitu chenye makali. Ripoti ilipopita kwa mkubwa wake, daktari mkuu wa serikali wa uchunguzi wa maiti, maneno yakabadilishwa. Palipokuwa na kukatwa pakawa na kuchanika na kupasuka. Yaani panga limetoka, jino limeingia.

Alipoulizwa mahakamani kwa nini alibadilisha, jibu lake lilikuwa kwamba alikuwa anasahihisha Kiingereza cha mwenzake, eti hakikuwa kizuri.

Jamani! Hapa hakuna sarufi iliyosahihishwa. Badilisha "kukatwa" kuwa "kuchanika" na umeshabadilisha muuaji.

Mzee Ward hakukubali. Profesa wa Cambridge aliyeyatazama mabaki alisema wazi kwamba yalikatwa kwa kifaa chenye makali na kuchomwa. Ikabidi suala lifike mbele ya hakimu.

MAHAKAMANI

Uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo hiki ulianza Nairobi Agosti 1989. Mwezi huo huo, tarehe 20, George Adamson, mumewe marehemu Joy, aliuawa kwa risasi na majambazi kule Kora. Oktoba hakimu akatoa uamuzi: Julie Ward aliuawa. Hakuliwa na wanyama, hakujiua.

Tupige hesabu. Ametoweka Septemba 1988. Uamuzi rasmi kwamba ni mauaji umekuja Oktoba 1989. Mwaka mmoja na zaidi. Mwaka mzima huo msimamo wa wakubwa ulikuwa kwamba hakuna muuaji wa kutafutwa, kwa hiyo hata kumtafuta hawakumtafuta ipasavyo. Katikati hapo mvua zimenyesha, majani yameota na kuungua, magari ya watalii yamepita, watu wamehamishwa vituo, kumbukumbu zimechakaa.

Mwaka 1990 wakaja wapelelezi wa Scotland Yard kutoka London. Kazi yao ikazaa kesi ya kwanza: askari wawili wa hifadhi wa ngazi ya chini wakafikishwa mahakamani kwa mauaji. Upande wa mashitaka ulidai kwamba Julie alifikishwa kwenye kituo chao cha porini cha Makari. Juni 1992 jaji akawaachia huru, ushahidi hautoshi, na akaukosoa upelelezi wenyewe.

Upelelezi ukafufuliwa tena mwaka 1997, safari hii na polisi wa Kenya. Mwaka 1998 akashitakiwa aliyekuwa mkuu wa askari wa hifadhi pale Mara, ambaye ndiye aliyeongoza kikosi kilichoyaona mabaki. Upande wa mashitaka ulitaka kujua aliwezaje kufika pale moja kwa moja kwenye eneo kubwa namna ile. Yeye alisema alifuata tai waliokuwa wanazunguka angani. Mwaka 1999 naye akaachiwa huru.

Sijaandika majina ya watu hawa watatu, na ni makusudi. Mahakama iliwaachia, na mtu aliyeachiwa na mahakama ana haki ya kuishi bila kunyooshewa kidole na mimi. Vilevile mtaani Kenya yametajwa majina makubwa sana, hadi ya familia za watawala. Hayo nayo siyaandiki. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufikishwa mbele ya jaji kwa jambo hili, na mimi niliyewahi kumsingizia simba sitaki kuanza kusingizia watu.

WAINGEREZA NAO

Wapo watakaosema, aah, ndiyo Afrika hiyo, ndiyo serikali zetu. Ngojeni kidogo.

Mwaka 2004 ulifanyika uchunguzi wa kifo hicho hicho Ipswich, Uingereza, na uamuzi ukawa kwamba aliuawa kinyume cha sheria. Na kabla ya hapo polisi wa Lincolnshire walikuwa wamepewa kazi ya kuchunguza jinsi Waingereza wenyewe walivyolishughulikia suala hili. Ripoti yao ilikosoa mwenendo wa maafisa wa ubalozi wao Nairobi na ilikosoa pia kazi ya Scotland Yard.

Mzee wa watu alikuwa anapigana na kuta mbili, moja Nairobi na nyingine London. Kenya ya wakati ule ilitegemea utalii, pamoja na chai na kahawa, kwa fedha za kigeni. Binti wa kizungu kuliwa na simba ni ajali ya porini, watalii wataendelea kuja, tena wengine watavutiwa zaidi. Binti wa kizungu kukatwa na panga ndani ya hifadhi ni habari nyingine kabisa. Uingereza nayo ilikuwa na uhusiano wake wa biashara na jeshi na Kenya ambao haikutaka uharibike.

Februari 1990, miezi 17 baada ya Julie, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, Dk. Robert Ouko, alikutwa ameuawa na mwili umechomwa kule Koru. Hapo pia nadharia ya kujiua ikatolewa mapema kabisa. Hapo pia Scotland Yard wakaitwa. Hapo pia mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Anayejua kuunganisha nukta ataona kwamba wasiwasi wa Wakenya kuhusu majivu na nadharia za haraka haukutoka hewani.

MZEE WARD

Huyu baba anastahili sehemu yake.

Alikwenda Kenya zaidi ya mara 100. Alitumia karibu pauni milioni 2 za mfukoni mwake kukodi ndege, wataalamu na mawakili. Mwaka 1991 alitoa kitabu kuhusu kisa hiki, na jina alilokipa maana yake ni kwamba wanyama hawana hatia. Sijaona utetezi mfupi na mzuri wa simba kama huo, na umetoka kwa mtu mwenye sababu zote za kuwachukia.

Amefariki mwaka 2023 bila kumwona mtu yeyote akitiwa hatiani kwa kifo cha mwanawe. Miaka 35.

MASWALI YALIYOBAKI

Kwa anayetaka kufuatilia, haya ndiyo maswali ambayo kesi zote mbili ziliyaacha mezani:

1. Julie aliondoka Sand River saa ngapi hasa, na alikuwa peke yake ndani ya gari?

2. Gari lilifikaje kwenye lile korongo, wakati njia ya Nairobi ni nyingine?

3. SOS iliandikwa na nani?

4. Alikuwa wapi kati ya tarehe 6 alipoonekana na wakati alipouawa? Ilikuwa ni siku hiyo hiyo au alikuwa hai kwa siku kadhaa wakati watu wanaanza kumtafuta?

5. Nani aliamua kwamba neno "kukatwa" litolewe kwenye ripoti, na je, aliamua peke yake?

Swali la tano ndilo ambalo halihitaji vinasaba wala darubini. Lilihitaji tu watu wa ofisini waulizwe na wajibu.

NINACHOTAKA KUSEMA

Watu wengi wanadhani kesi isiyotatuliwa ni ile isiyo na ushahidi. Mhalifu mjanja, pori kubwa, basi. Kwa Julie Ward haikuwa hivyo. Ndani ya siku saba tu mlikuwa na gari, majivu, mfupa uliokatwa na daftari lenye sahihi ya kutilia shaka. Ni familia ngapi za waliopotea zinaomba japo kimoja kati ya hivyo! Kesi hii iliharibiwa kwa sababu watu wenye mamlaka walipoona ushahidi walianza na jibu walilolitaka kisha wakaurekebisha ushahidi ulifuate. Walipokuja wengine kufanya kazi vizuri, njia ilikuwa imepoa.

Na sisi wa mitaani tulisaidia bila kujua. Serikali ilitunga stori ya simba, lakini walioibeba miaka yote hii ni sisi, kwenye mabasi, vijiweni na vilabuni, sababu ni tamu kusimulia. Hakimu ameikana tangu 1989. Juzi nimeisikia ikiwa na afya njema, tena imeshavuka mpaka na kuhamia Serengeti! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii imekuwa ndefu kuliko umri wa marehemu.

Nafikiria pia upande mwingine. Mzee Ward alikuwa na uwezo wa kukodi ndege, na bado hakupata haki. Je, mama wa Tarime ambaye binti yake alipanda basi kwenda kutafuta kazi za ndani mjini na simu ikazimika? Mke wa dereva wa lori la Kongo ambaye hajarudi? Hawa hawana ndege, hawana profesa, wala hakuna mwandishi atakayekuja kuwauliza. Wao wanaambiwa "labda ameolewa huko" au "labda ameamua kukimbia maisha". Hizo ndizo simba zetu sisi. Maneno ya haraka ya kufungia faili.

Kwa hiyo nina ushauri mdogo kutokana na kisa hiki:

Ukisafiri na kukuta daftari la geti au la polisi njiani, saini mwenyewe, andika na saa. Usiseme "nijazie tu kaka". Usiku mmoja daftari hilo linaweza kuwa ndilo linalozungumza badala yako.

Ukimsindikiza mtu safari ndefu, jua gari gani, namba gani, njia gani, na anategemea kufika lini.

Mtu wako akipotea, nenda ukaripoti siku hiyo hiyo na uondoke na namba ya taarifa. Usikubali kuambiwa ungoje.

Na ikitokea, Mungu aepushe, umefikia kwenye ripoti ya daktari, omba nakala mapema. Isome neno kwa neno. Kama hujui Kiingereza tafuta mtu unayemwamini akusomee. Mmeona neno moja linavyoweza kufanya.

Kule kwenye basi, tulipofika geti la Naabi kuchimba dawa, nilimfuata yule kijana nikamwambia, "Mdogo wangu, yule dada hakuliwa na simba. Aliuawa na watu, tena si hapa, ni ng'ambo kule Kenya." Akanitazama, akacheka kidogo, akasema, "Sasa mzee, hiyo si ndiyo inatisha zaidi?"

Ndiyo, inatisha zaidi. Nadhani ndiyo maana tuliipenda ile ya simba.

Wenye kumbukumbu za miaka ile, hasa wadau wa Narok, Mugumu na Loliondo, karibuni mchangie. Kama kuna mahali nimekosea tarehe, nisahihisheni. Ila majina ya kushuku mtunze wenyewe.

Naomba kuwasilisha.